Ufundi wa Kuacha Mwanya

Kiirua, hapa Meru, ni mahali pazuri pa kuutazama Mlima Kenya kutoka upande wake wa kaskazini. Asubuhi, kabla mawingu hayajajikusanya, vilele vya Batian na Nelion huonekana wazi. Chini yake kuna ukanda mweusi wa msitu, na chini ya msitu mashamba ya ngano na viazi yanashuka hadi karibu na barabara. Ukigeuka na kuupa mlima kisogo, nchi yote inateremka. Baridi inapungua, miti inakuwa mifupi, udongo unabadilika rangi, na mbele kabisa tambarare za Isiolo na Samburu zinapotelea katika vumbi na joto.

Ndovu wameijua miteremko hii tangu zamani. Mvua ikinyesha huko tambarare, hushuka kufuata majani mabichi. Kiangazi kikikaza, hupanda kutafuta maji na kivuli cha msitu. Ni safari ya kurithishwa: mama humwongoza binti, na binti akizeeka huwaongoza wake. Sisi wanadamu tuliweka katikati ya safari hiyo barabara ya Nanyuki–Meru, mashamba makubwa ya ngano na maua, vijiji, shule na makanisa. Tukafunga njia iliyokuwa ikitumika kabla yetu, kisha tukawalaumu ndovu kwa kuvunja. Kwa miaka mingi jibu letu kwa mgogoro huo lilikuwa moja: fensi, na fensi ikivunjwa, fensi nene zaidi.

Kisha pande hizi wakapatikana watu waliojifunza ufundi mgumu kuliko kujenga fensi, nao ni kuacha mwanya ndani yake. Si mwanya wa uzembe ambao ng'ombe hupenya nyakati za usiku. Ni mwanya uliopimwa, uliowekwa mahali pake kwa sababu, unaompitisha huyu na kumzuia yule, na ambao kazi yake njema haitangazwi popote kwa kuwa matokeo yake ni kwamba hakuna lililotokea. Huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu hapa, na kumwomba msomaji atakayefika Meru autafute kwa macho yake.

Mgeni wa pande hizi huwa ameshasikia jina moja: Lewa. Hifadhi hiyo yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 250 ilianza kama shamba la ng'ombe la familia ya Craig, iliyofika hapa mwaka 1922. Mwaka 1983 Anna Merz alishirikiana na familia hiyo kutenga sehemu ya shamba iwe kimbilio la vifaru, likaitwa Ngare Sergoi. Wakati huo ujangili ulikuwa ukiwamaliza vifaru weusi wa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa takriban 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400 katika nchi nzima. Mwaka 1995 shamba lote likawa Lewa Wildlife Conservancy. Tangu mwaka 2000 mbio za marathon hukimbiwa humo kila mwaka, karibu na mwisho wa Juni, na wakimbiaji hupita barabara zilezile wanazopita twiga na pundamilia. Mwaka 2010 mwanamfalme wa Uingereza, William, alimposa Kate Middleton juu ya mlima huuhuu, na magazeti ya dunia yakaja mbio kuandika kuhusu kibanda cha magogo na ziwa la huko juu.

Kwa hiyo wageni huja na orodha. Wanataka kifaru mweusi, kifaru mweupe, simba, na yule pundamilia wa Grevy mwenye mistari myembamba na masikio ya duara, ambaye hapatikani kwa wingi sehemu nyingi za dunia. Simba akionekana, magari hukusanyika, kamera hutolewa, na baada ya muda msafara huelekea kwa mnyama anayefuata. Wanyama hao wanastahili kutazamwa, na pesa za wageni ndizo zinazolipa mishahara ya wanaowalinda. Lakini mahali popote pakubwa pa matembezi umati hufuata njia moja na kuacha pembe nyingi zikiwa kimya. Pembe za namna hiyo za Lewa na jirani zake ziko mipakani, pale ambapo dereva huongeza mwendo kwa kuwa anadhani hapana cha kuonyesha.

Anza na fensi yenyewe. Anayeiona kwa mbali huona nguzo na nyaya, basi. Sogea karibu, bila kugusa, uone ilivyofikiriwa. Nyaya hazifanani kazi. Baadhi zina umeme na baadhi zimeunganishwa na ardhi, zikipishana, ili mnyama anayegusa mbili kwa pamoja akamilishe mzunguko na kupata mshtuko hata wakati wa kiangazi ambapo udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Umeme wenyewe hautiririki mfululizo. Mashine inayotegemea sola na betri huutuma kwa pigo fupi, moja baada ya jingine, takriban kila sekunde. Volti ni maelfu, lakini pigo ni fupi kiasi kwamba linauma bila kuua. Mnyama hupewa nafasi ya kurudi nyuma kati ya pigo na pigo. Aliyebuni jambo hilo alitaka ndovu afundishike.

Na ndovu hufundishika, lakini humfundisha fundi vilevile. Pembe za ndovu hazipitishi umeme kama ngozi inavyopitisha. Ndovu akishagundua hilo, huingiza pembe chini ya waya na kuukata, au huishika nguzo isiyo na umeme na kuisukuma mpaka ilale. Wengine huangusha mti juu ya nyaya na kupita juu yake. Mafundi wakajibu kwa kuweka nyaya fupi zenye umeme zinazochomoza kutoka kwenye fensi kuelekea nje, zikielekezwa usoni na kifuani mwa mnyama, ili asiifikie nguzo kabla ya kuguswa. Ukiziona nyaya hizo zikichomoza kila baada ya hatua kadhaa, ujue unasoma mjadala wa miaka mingi kati ya ndovu na binadamu, na kila upande umeacha alama ya hoja yake.

Baada ya ujenzi huja kazi ambayo haina mwisho. Fensi ya umeme hufa kwa nyasi. Majani yakirefuka hadi kugusa waya wa chini, umeme huvuja polepole hadi ardhini, na fensi ndefu hubaki pambo. Ndiyo maana kila fensi nzuri ina mtu wake, mara nyingi kijana au mzee wa kijiji jirani, anayepewa kipande cha kutunza. Hutembea na panga, kipimo cha volti na koleo. Hufyeka, hukaza waya uliolegea, hubadilisha vishikizo vilivyopasuka, husoma nyayo. Akikuta waya umelala, huangalia kwanza mavi na nyayo kujua ni nani aliyepita, alikuwa anaelekea wapi, na alikuwa na haraka au la. Ukimwona mtu huyo kando ya njia, msalimie na umwulize kipande chake kinaanzia wapi na kuishia wapi. Hakuna anayeijua hifadhi vizuri kama mtu anayeizunguka kwa miguu.

Ufundi wa kweli unaanzia hapo fensi inapokatika kwa makusudi.

Tatizo la Lewa lilikuwa hili. Vifaru lazima wabaki ndani, kwa sababu nje ya ulinzi kifaru mweusi hana maisha marefu. Ndovu lazima waweze kutoka na kuingia, kwa sababu ndovu aliyefungiwa huimaliza miti yote iliyo ndani, kisha huivunja fensi. Twiga, pundamilia na swala nao wana safari zao. Je, utajenga mlango gani unaomfungulia mmoja na kumfungia mwingine, usiku na mchana, bila askari wa kuusimamia?

Jibu lilipatikana katika mguu. Kifaru ni mzito, miguu yake ni mifupi, na hana mazoea ya kuinyanyua juu ya kizuizi. Ndovu ni mzito kuliko yeye, lakini ni mwangalifu wa ajabu katika kukanyaga. Huinua mguu wa mbele juu, hupima ardhi kabla ya kuuachia uzito, kisha mguu wa nyuma hufuata karibu na pale wa mbele ulipokuwa. Basi mafundi waliacha sehemu za mpaka bila nyaya, wakaweka vizuizi vifupi vya kimo cha kama goti la binadamu. Ndovu hupita juu. Twiga hupita bila shida, pundamilia na swala hupita, fisi na chui hupita. Kifaru hufika, hunusa, hugeuka.

Nimelitafakari jambo hili mara nyingi, na kila mara linanishangaza kwa jinsi lilivyo rahisi. Hakuna mtambo, hakuna betri, hakuna kinachoweza kuharibika usiku wa mvua. Kuna ujuzi wa mwili wa mnyama tu, uliokusanywa na watu waliokaa miaka mingi wakitazama anavyotembea. Mtu asiyewahi kumwona ndovu akivuka mtaro hangeweza kulibuni. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa nyumba usemi huo ni wa kweli. Mafundi wa mpaka huu walijua lini usemi huo haufai. Ufa huu wangeuziba, wangejenga ukuta baada ya ukuta, na kila ukuta ungeangushwa.

Fundi mwaminifu huikagua kazi yake baada ya kuimaliza, na hapa walifanya hivyo pia. Mwanya kama huo huzaa hofu ya haki: wanyama wote wakipita mahali pamoja, je, simba na fisi hawatajifunza kukaa hapo wakisubiri, mwanya ukageuka mtego? Watafiti waliweka kamera zinazopiga picha zenyewe mnyama anapopita, wakazisoma kwa miaka, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2015. Hawakupata ushahidi kwamba wanyama wawindaji walikuwa wakiitumia mianya hiyo kama mtego. Anayesoma habari za namna hiyo ofisini anaweza kuziona kavu. Anayesimama kwenye mwanya wenyewe akijua kwamba kila unyayo ulio mbele yake umepigiwa hesabu, hupata heshima mpya kwa neno utafiti.

Ukiruhusiwa kufika, nenda asubuhi mapema ukiwa na mwelekezi, na ubaki garini. Usitarajie mnyama. Tazama ardhi. Vumbi la mwanyani huwa limepondwa laini kwa miguu mingi, na alama huwa zimepandana: nyayo pana za ndovu zenye mistari kama ramani, kwato za pundamilia, vidole vinne vya fisi vyenye kucha. Soma nani alikanyaga juu ya nani, utajua nani alitangulia. Ni kitabu cha usiku mmoja, na kesho kitaandikwa upya.

Mwanya mkubwa kuliko yote uko nje ya Lewa, chini ya barabara ambayo sisi wote tunaipita. Ukisafiri kati ya Subuiga na Timau, gari hupita juu ya njia ya ndovu kwa sekunde chache, na abiria wengi hawajui kamwe. Njia hiyo ya chini ilikamilika mwishoni mwa 2010, na inatajwa kuwa ya kwanza barani Afrika kujengwa mahsusi kwa ajili ya ndovu. Ni sehemu ya ushoroba wa takriban kilomita 14 unaounganisha msitu wa Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare, na kupitia huko Lewa na nchi ya kaskazini. Waliofanikisha ni wengi: Mount Kenya Trust, Lewa, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, walinzi wa Ngare Ndare, na mashamba ya Marania na Kisima, ambayo yalitoa ardhi ya kilimo ili ndovu wapate kipande cha kupitia. Mkulima yeyote wa Kiirua anaelewa uzito wa jambo hilo la mwisho. Ardhi hapa huuzwa kwa robo eka, na watu hushtakiana kwa ajili ya mpaka wa hatua mbili.

Kuchimba njia chini ya barabara ni kazi ya kawaida ya uhandisi. Ugumu ulikuwa kumshawishi ndovu aingie. Mnyama mkubwa hapendi kufungwa pande mbili, hapendi mwangwi, na hapendi kelele inayotoka juu ya kichwa chake. Kwa hiyo njia ya namna hiyo lazima iwe pana na ya juu, iwe fupi, na ndovu anaposimama mdomoni aone mwanga wa upande wa pili. Chini lazima pawe na udongo anaoujua mguu wake. Na fensi za pande zote mbili lazima zimlete taratibu, zikikaribiana kidogo kidogo, ili afike mdomoni akiwa ameshazoea wembamba. Fensi ileile iliyokuwa ikimwambia asipite sasa inamwonyesha pa kupita.

Wengi walitarajia kwamba ingechukua miaka. Nchini Kanada, katika hifadhi ya Banff, barabara kuu ina vivuko 44 vya wanyama, vya juu na vya chini, na dubu wa huko walichukua miaka kadhaa kabla ya kuviamini. Hapa Meru, dume mmoja kijana aliyepewa jina la Tony alipita mwanzoni mwa Januari 2011, siku chache tu baada ya njia kufunguliwa. Wengine walimfuata, maana ndovu huiamini njia yenye harufu ya ndovu. Tangu hapo wamepita mamia, wengi wao gizani, huku juu yao malori ya viazi na miraa yakielekea Nairobi. Dereva hajui. Ndovu hashtuki. Sijui sifa kubwa zaidi ya hiyo kwa kazi ya fundi.

Lazima niseme pia habari ya dume mwingine, kwa sababu ufundi usipotajwa mipaka yake husifiwa uongo. Aliitwa Mountain Bull, ndovu mkubwa aliyejulikana mlimani na tambarare, na alikuwa mvunjaji wa fensi asiyeshindwa. Mwaka 2012 pembe zake zilipunguzwa makusudi, apoteze zana ya kukatia nyaya, na kwa matumaini kwamba pembe fupi zingepunguza tamaa ya majangili. Safari zake zilizofuatiliwa kwa ukosi wa redio ziliwafundisha watu mengi kuhusu njia za ndovu katika nchi hii. Mei 2014 alikutwa ameuawa katika msitu wa Mlima Kenya, na pembe zake zimekatwa. Mwanya mzuri huondoa sababu ya ugomvi kati ya ndovu na mkulima. Hauwezi kuondoa tamaa ya mtu aliyekuja na bunduki. Ndiyo maana ufundi wa fensi na doria ya askari ni kazi mbili za mwili mmoja. Moja ikilegea, nyingine haina faida.

Mwaka huohuo wa 2014 ulileta pia tendo ambalo kwangu ni kilele cha ufundi huu wote. Lewa na jirani yake Borana waliondoa fensi iliyokuwa kati yao. Nguzo ziling'olewa, nyaya zikakunjwa, na vifaru wakapata nchi pana zaidi ya kutembea na kuzaana. Kujenga huonekana, picha hupigwa, ubao huwekwa, hotuba hutolewa. Kubomoa ulichojenga kwa gharama kubwa, kwa sababu kazi yake imekwisha, huhitaji fundi asiyependa kazi yake kuliko kusudi lake. Leo mahali pale ni nyasi tupu. Mwambie mwelekezi akupeleke, simama ulipopita mpaka, tazama pande zote mbili. Hakuna kitu cha kuona, na hicho ndicho kilichotengenezwa.

Ukitaka pembe tulivu ambayo unaweza kuitembelea kwa nauli ya kawaida, bila chumba cha gharama ndani ya hifadhi, nenda Ngare Ndare. Ni msitu wa hekta zaidi ya 5,500 wa mierezi na mizeituni mwitu, na mwaka 2013 uliongezwa pamoja na Lewa kwenye eneo la Mlima Kenya ambalo UNESCO ililiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 1997. Vijana wengi huja kwa ajili ya maporomoko na vidimbwi vya buluu, hujirusha majini, hupiga picha na kuondoka. Vidimbwi ni vizuri kweli. Lakini kabla ya kuelekea huko, panda daraja la juu ya miti.

Daraja hilo lina urefu wa takriban mita 450, limening'inizwa kwa nyaya za chuma kati ya miti, na lilijengwa mwaka 2009. Mwanzoni utashika nyaya kwa mikono miwili na kuangalia miguu yako. Subiri hofu ipite. Kisha utagundua kwamba daraja halikunyooka; limefuata msitu. Linapanda ardhi inaposhuka, linapinda kukwepa tawi, linakufikisha kwenye urefu wa ndege bila kudai njia iliyofyekwa chini yako. Huo nao ni mwanya, wa kwetu safari hii. Ndovu na nyati huendelea na njia zao chini, na binadamu, ambaye kwa kawaida ndiye anayewafukuza wengine njiani, amepewa njia yake hewani ili asiwasumbue. Mwisho wake kuna jukwaa linalotazama maji ambapo wanyama huja kunywa. Kaa hapo. Watu wengi hukaa dakika chache wakaondoka kwa kuwa hakuna kilichokuja. Askari wa msitu atakayekuwa nawe amezoea kusubiri, na ukimruhusu atakufundisha kusikia kabla ya kuona: tawi linalokatika mbali, mbega wanaonyamaza ghafla, ndege wanaohama mti.

Hata huko Lewa kuna mahali pa kale panapotukumbusha kwamba kazi ya mikono haikuanza na nyaya. Ardhini kuna mashoka ya mawe ya zama za Acheul, yaliyochongwa na viumbe waliotutangulia. Mashoka ya aina hiyo yalianza kutengenezwa Afrika Mashariki takriban miaka milioni 1.7 iliyopita. Umbo lake ni la tone la maji, pande mbili zikikutana kwa makali, na hubadilika kidogo sana kwa muda mrefu usioelezeka. Aliyelichonga alijua jiwe lipi linapasuka sawasawa na lipi linasaliti. Alijifunza hilo kwa kutazama na kurudia, namna ileile fundi wa mpaka alivyojifunza mguu wa kifaru.

Mtu wa Kiirua anaweza kuniuliza: haya yote yananihusu nini mimi, ambaye sijawahi kulala Lewa hata usiku mmoja? Yanamhusu kuliko mgeni. Fensi isipofanya kazi, ni shamba lake la viazi linalokanyagwa usiku mmoja kabla ya mavuno, ni yeye anayelala nje na tochi na bati la kupiga, ni mtoto wake anayechelewa shule kwa sababu njiani kuna ndovu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, lakini hakuna familia inayotaka kuipata pesa hiyo. Mwanya uliowekwa vizuri huokoa mahindi, huokoa ndovu, na humwacha mtu alale. Manufaa hayo hayaingii kwenye picha za watalii, lakini mkulima huyahesabu kila msimu.

Nayasema haya sasa kwa sababu nchi ya kaskazini inajengwa. Mradi wa LAPSSET uliozinduliwa Machi 2012 ulileta mpango wa barabara, reli na bomba la mafuta kutoka Lamu kupitia Isiolo, na ndani yake mji mkubwa wa mapumziko ya kitalii uliopangiwa Kipsing, magharibi ya Isiolo, katika nchi ambayo ndovu walewale wanaoshuka kutoka mlimani hupita. Hoteli, viwanja vya michezo na vituo vya burudani vimechorwa kwenye ramani. Iwapo vitajengwa, wageni watakuja na orodha zao, na magari yatafuata njia moja.

Ombi langu ni kwamba mafundi wa mwanya waitwe kabla ya mafundi wa saruji. Hili lina ushahidi nchini mwetu. Reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 ilikata hifadhi za Tsavo, na kwa kuwa vivuko vya chini viliwekwa tangu ujenzi, ndovu waliofungwa vifaa vya kufuatilia mwendo wameonekana wakivitumia, hasa usiku. Kivuko kinachochorwa kwenye karatasi hugharimu kalamu na siku za kutembea na wenyeji wanaojua njia. Kinachochimbwa baada ya lami kukauka hugharimu mamilioni, na wakati kinasubiriwa hugharimu pia mazao na damu. Watu wa Marania na Kisima walikata ardhi yao kwa hiari, Lewa na Borana waling'oa nguzo zao wenyewe, na walinzi wa fensi wa vijiji vya hapa wanafyeka nyasi leo hii. Ujuzi upo, uko Meru, uko kwenye vichwa na mikono ya watu walio hai. Atakayechora ramani ya kaskazini aje kwanza atembee nao kipande kimoja cha fensi, kutoka mwanzo wake hadi mahali walipoamua kuuacha waya.